Karatasi ya Siku Thelathini

Watu wa Mafubira walikuwa na usemi wao kwamba mzungu hakwami Uganda: akichoka, anapanda ndege. Upuuzi. Nimekuwa askari magereza Jinja kwa miaka kumi na tisa, na katika watu wote niliowaona wamefungwa, aliyebanwa kuliko wote alikuwa mzungu, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na hakuna hakimu aliyewahi kumsomea shitaka. Jina lake Halyna. Mtaa mzima ulimwita Mama Andrew.

Alizaliwa Poltava, huko Ukraine. Mumewe, Injinia Wasike, alikuwa Mgisu wa Wanale, chini ya ukuta ule wa mlima unaotazama Mbale. Serikali ilimpeleka Kharkiv kusomea mitambo, akaenda kijana mmoja, akarudi mwaka 1984 na mke na mtoto wa kiume wa karibu miaka minne. Walipata nyumba Mafubira, Wasike akapata kazi katika kiwanda kimoja cha Jinja. Watu walimwita Halyna Mrusi. Mwanzoni aliwasahihisha kila siku, kama mwalimu. Baadaye akachoka, akaacha waseme.

Mwaka 1991 nchi iliyompa pasipoti ilikufa. Fikiria unalala Mganda, asubuhi unaambiwa Uganda imefungwa, nendeni mkajiandikishe kwingine. Na wa kumwandikisha yeye hakuwa karibu. Pasipoti yake nyekundu ilibaki kwenye droo, na tarehe zake zikaisha ikiwa mle mle. Mwaka 1994 Wasike naye akafa kwa figo, tukampeleka kumzika Wanale. Halyna akabaki na mtoto, na cherehani, na nyumba ya kupanga.

Kilichotukutanisha mimi naye ni Kiswahili. Huku kwetu ukisema Kiswahili sokoni watu bado wanakuangalia mikono kama umeshika bunduki, kwa sababu ya miaka ile ya jeshi. Mimi nimekua kambini, baba alikuwa polisi, ndiyo lugha iliyonilea. Yeye aliiokota kwa wake za askari, alikokuwa akinunua mayai. Alikiongea bila kuogopa, akikivunja anavyotaka. Jioni nilikuwa nikivua sare, nakwenda kwake, ananipa chai iliyotiwa jemu ndani badala ya sukari, nasi tunawasema watu. Mume wangu alikuwa ameshahamia kwa mwanamke wa Budondo, na Mungu hakunipa mtoto. Basi ile chai ndiyo ilikuwa nyumba yangu. Majirani wakasema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tazameni Janepher na mzungu wake. Nilipenda sana kuyasikia hayo.

Mapema mwaka 1996 ikaja barua. Mama yake Halyna alikuwa anapofuka, na moyo wake ulikuwa unachoka. Barua iliandikwa na jirani, lakini maneno yalikuwa ya bibi mwenyewe. Halyna alinitafsiria akiwa amesimama: hataki dawa, hataki zawadi, anataka mjukuu aje, yeye bibi amshike uso kwa mikono yake kabla hajafa. Mjukuu aliondoka akiwa na miaka mitatu, na bibi hajui pua yake imekuwaje.

Halyna akaanza kuandika barua kwa maofisi. Alikwenda Kampala mara nisizoweza kuhesabu, akirudi na vumbi na fomu. Katikati ya Julai akarudi na karatasi moja tu, yenye picha yake, na chini ya picha jina la Andrew. Ilikuwa ruhusa ya kurudi kwao, ya siku thelathini, kwenda tu. Mtoto huandikwa kwa mama mpaka afike miaka kumi na sita, na Andrew alikuwa anaitimiza tarehe mbili Septemba. Akishatimiza ni mtu mzima, aanze na fomu zake, na fomu zake zingeanzia kwenye swali la yeye ni raia wa wapi, ambalo hata mama yake hakuweza kulijibu.

Mama Payal, yaani Jasumati wa duka la vitambaa, ambaye Halyna alikuwa akimshonea, ndiye aliyepata tiketi mbili kupitia kwa ndugu yake. Ndege ilikuwa Ijumaa tarehe tisa Agosti. Jasumati alifukuzwa Uganda mwaka sabini na mbili, akarejea juzi juzi kudai nyumba yao.

"Mimi walinipa siku tisini," alimwambia Halyna, "na zilikuwa chache. Wewe iko na thelathini. Usikae kuaga aga watu."

Lakini Halyna alitaka kuaga. Mtu mmoja tu, alisema, naye ni Wasike. Tukaenda Wanale Jumamosi tarehe tatu, sisi watatu. Nyumbani kwetu mimi ni huko huko, upande wa chini karibu na barabara, hivyo nikasema nitawasindikiza. Nilikuwa nimeomba likizo ya wiki nzima ili niwe naye mpaka Entebbe.

Ulikuwa mwaka wa tohara. Mgisu hatahiri kila mwaka. Hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, na mwaka huo ukifika barabara zote zinajaa vijana waliovaa njuga mapajani, wanacheza, wanakwenda kwa wajomba kuomba zawadi, nusu ya kijiji nyuma yao. Andrew alikaa kwenye ukingo wa njia akiwaangalia. Shuleni Jinja walimwita mzungu, na hapa Wanale nako walimwita mzungu. Alikuwa mrefu kuliko wengi wao.

Shemeji yake Halyna, Wamimbi, kaka mkubwa wa Wasike na askari wa zamani, alitupokea vizuri. Sitamsingizia. Alichinja kuku. Halyna alipomweleza habari ya safari akauliza, "Huyu kijana atarudi lini?"

"Nikipata pasipoti huko, tunarudi," Halyna akasema.

"Ukipata," Wamimbi akasema, akamega ugali.

Sasa, kuna kinywaji ambacho Wasike alikizoea Kharkiv, wanakiita kvasi. Kwao hutengenezwa kwa mkate mweusi. Huku hakuna mkate huo, kwa hiyo Halyna alikuwa akikitengeneza kwa unga wa wimbi uliokaangwa, na kimea kidogo kikiwa chachu. Kila siku ya kuzaliwa ya mumewe alipika mtungi mmoja, na baada ya Wasike kufa aliendelea. Pale Mafubira hakuna aliyejali. Jumapili asubuhi akaamua kukitengeneza uani kwa Wamimbi, ili amwagie mumewe kaburini kikombe kimoja cha mwisho. Kaburi lilikuwa hatua chache tu, penye migomba. Shangazi wa mtoto, Nandudu, alikuwa akifagia. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nikichambua maharage.

Halyna alikuwa amekamata mwiko kwa mikono yote miwili, unga umekuwa mzito. Akamwita mwanawe. "Andriyko, leta maji. Mimina hapa, polepole."

Kijana akamimina.

Nandudu akaangusha ufagio, akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Mbale mjini. Watu wakatoka kwenye migomba kama waliokuwa wakingoja kuitwa. Halyna alitabasamu, akidhani wanamfurahia. Ilibidi aelezwe, na aliyemweleza ni Wamimbi. Kwetu kijana anayetaka kutahiriwa ndiye anayemimina maji juu ya wimbi wa pombe, kwa mkono wake mwenyewe, uani kwa baba zake. Halazimishwi na mtu. Lakini akishamimina amesema, na siku zake zimeanza. Siku ya tatu anasimama mbele ya kisu.

"Hii si pombe yenu," Halyna akasema. "Ni kvasi. Ni ya Wasike."

"Wimbi ni yetu," Wamimbi akamjibu, kwa sauti ya chini kabisa, "maji ni ya hapa, mtoto ni yetu, na baba yake analala pale anaangalia. Mama Andrew, maji yakimwagika hayazoleki. Mimi sikumtuma."

Na kweli hakumtuma, jambo lililonikasirisha zaidi. Ningempata na kosa ningemfokea mpaka jua litue. Wengine walikuwa wameshaanza kumpaka Andrew unga wa kimea kifuani.

Halyna akahesabu kwa vidole. Jumatano kisu. Ijumaa ndege. Mtu aliyetahiriwa Jumatano hatembei Ijumaa, wala Ijumaa inayofuata, na karatasi ilikuwa inakufa tarehe kumi na nne. Akaingia ndani akaanza kufunga mabegi.

Jumatatu kabla hakujapambazuka akanigusa bega. Alikuwa amebeba begi lake na la mtoto. Tukamkuta Andrew ameketi mlangoni mwa nyumba ya vijana, njuga mapajani, uso umekauka unga.

"Twende, mwanangu. Bibi anakungoja."

"Mama, mimi siendi."

"Hukujua. Hukukusudia. Mungu ameona hukukusudia."

"Sikujua," Andrew akasema. "Lakini jana watu wote hawa wameita jina langu. La ukoo, si lile la mzungu. Nikikimbia leo, nitakuwa yule aliyemimina maji akakimbia. Hata nikiwa na mvi watanikamata barabarani wanitahiri kwa nguvu." Kisha akalia kama mtoto, na bado alikuwa mtoto. "Nenda wewe, mama. Mimi nitakaa na baba mkubwa. Bibi akuone wewe."

Halyna akaweka mabegi chini. Karatasi yake ilikuwa ya kwenda tu. Huko angeanza upya kutafuta pasipoti, kisha ruhusa ya kuingia Uganda kwa mwanamke ambaye mumewe amekufa. Miezi, au miaka, nani angemwambia? Huku mama kipofu, huku mtoto anayesubiri kisu. Akakaa pale chini kwenye umande, katikati ya mabegi mawili, mpaka kuku wakashuka mtini. Sijawahi kumwona mfungwa amekaa vile, na nimewaona wa kunyongwa.

Jumatano alikuwa ndani ya nyumba pamoja na wanawake, maana mama haangalii. Nilimshika mkono. Nje kelele zikakatika zote kwa mara moja, kimya kikakaa muda unaotosha kusema Baba Yetu, kisha filimbi, kisha vifijo. Andrew hakupepesa jicho. Wamimbi akaingia na machozi usoni, akamwambia, "Umetuzalia mwanamume," naye alikuwa anasema kwa moyo wake wote. Halyna akauliza kama ndege ya Ijumaa inaondoka asubuhi au jioni.

Andrew alipewa kipande cha shamba chini ya mwamba, chenye kahawa. Halyna akarudi Mafubira peke yake, akaendelea kushona. Kwa mama yake aliandika kwamba kijana amepata homa na kwamba watakuja Krismasi. Mwezi wa kumi jirani wa Poltava akaandika tena. Bibi alikuwa amekufa tarehe ishirini na saba Septemba. Wiki za mwisho, kila aliyeingia chumbani, hata yule jirani, hata daktari, bibi alimwomba ainame, akampapasa uso, kisha akasema, "Siye."

Barua ile alinisomea mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Alipomaliza akaikunja, akanitazama kwa yale macho yake ya rangi ya majivu.

"Janepher. Wewe ni Mgisu. Siku ile wewe lijua?"

Siku ile uani nilimwona akikaanga unga, nikamwona akitia kimea, nikajua kinachokuja kabla hajamwita mtoto. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Halyna, asimimine yeye, nipe mimi hayo maji. Yalikuwa maneno machache na yalikuwa tayari mdomoni. Nikaiona nyumba ya tatu kutoka kwangu ikiwa imefungwa kufuli, na mimi narudi kazini jioni, navua sare, sina pa kwenda. Nikainama nikatoa jiwe kwenye maharage.

"Sikujua," nikamwambia. "Kwetu chini mambo ni tofauti kidogo."

Akaniamini. Akanishika shavu, akasema nisilie, si kosa langu, mtu hawezi kujua kila kitu. Kisha akaniongezea chai.