Mkwe Hapitwi kwa Baiskeli

Mashindano ya baiskeli ya wanawake yalikuwa ya hatua tatu: siku ya kwanza kuzunguka mji wa Handeni, ya pili kutoka Handeni hadi Korogwe, ya tatu mizunguko ndani ya Korogwe. Mshindi ni yule ambaye muda wake wa siku zote ukijumlishwa unakuwa mdogo kuliko wa wenzake. Nilimweleza shemeji yangu jambo hilo kwa subira, naye akauliza kwa nini wasikimbie mara moja wakamaliza, watu wana mashamba.

Dada yangu, mke wa huyo shemeji, aliendesha baiskeli nyepesi ya kuazimwa na waandaaji. Zote zingerudishwa jioni ya mwisho, isipokuwa ya mshindi. Dada hupeleka kabichi sokoni kila alfajiri kwa baiskeli nzito kama kitanda cha hospitali, kwa hiyo medali haikumshughulisha. Alikuwa anaitaka ile baiskeli.

Baada ya hatua ya pili alikuwa anaongoza, akimzidi binti mmoja wa Handeni kwa chini ya dakika. Nikaenda kumpongeza, nikamkuta hana raha. Mzunguko wa mwisho wa kesho, akasema, unapita Kwamndolwa, mbele ya nyumba ya wakwe zake.

"Si unapita tu," nikamwambia.

"Nimpite mama mkwe nikiwa juu ya baiskeli, nimeinama namna ile?"

Kwao mke wa mtu akimwona mkwe wake hushuka, hupiga goti, hutoa shikamoo. Nilimuuliza nani aliweka sheria hiyo, na kama aliwahi kuona baiskeli yenye gia. Akasema nikamuulize mwenye nyumba. Nikaenda kweli.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Nilimpa hoja zangu zote za chuo kikuu, kisha nikamwomba kesho asitoke. Alisikiliza hadi mwisho, akajibu kuwa hawezi kujifungia ndani wakati mtaa mzima uko barabarani, ila nisiwe na wasiwasi, mkwewe hatamwona. Niliondoka nikijisifu.

Kesho yake nikamkuta kando ya barabara na majirani zake, wamejifunga khanga mpya, wote wameipa barabara mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yake ya kutoonekana. Walitoka kutazama mashindano na walikuwa wanatazama ukuta.

Mzunguko wa mwisho, dada akatokea kwenye kona, peke yake. Akaiona ile migongo. Akafunga breki. Mkwe akikupa mgongo hadharani, maana yake umemuudhi, na sikuwa nimelifikiria hilo. Akashuka, akapiga goti vumbini.

"Shikamoo mama. Nimekukosea nini?"

"Mimi sipo," mgongo ukajibu. "Panda baiskeli."

"Mama, kama ni ule unga wa juzi..."

"Nimesema sipo."

Msimamizi wa mbio akapiga honi ya pikipiki mpaka mbuzi wakakimbia. Nikamwambia dada hajakasirikiwa, aende. Hakunisikia, na binti wa Handeni akatokea. Akamkuta mpinzani wake amepiga goti mbele ya mstari wa wamama. Barabara ilikuwa nyeupe kabisa, niliona anavyoitazama. Malezi yakamshinda. Akashuka naye.

"Shikamooni."

Hapo ndipo mama mkwe alipogeuka. Marahaba mwanangu, watokea wapi? Handeni ya wapi? Kwa nani? Mama hajambo? Mahindi yanaendeleaje? Binti alijibu yote, mkono kwenye breki, huku dada akipanda na kuondoka. Kisha majirani nao wakageuka, na kila mmoja alikuwa na ndugu Handeni wa kuulizia.

Baiskeli ikabaki kwa dada. Fundi ameshaichomea keria ya kubebea kabichi.

Mimi sikutulia. Nilirudi kwa mama mkwe nikamuuliza waziwazi: ile ilikuwa adabu au mbinu? Akanitazama kana kwamba nimelelewa na mbuzi.

"Mtoto wa watu kanisalimia," akasema. "Nisimwitikie?"