Udongo wa Leta

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule nikabaki na wadogo zangu katika nyumba ya udongo yenye mabati, katika mtaa wa Kimemi, na maharage kidogo nyuma yake. Kila mwaka tulimpelekea chefu, mkuu wa mtaa, mbuzi wa ada ya kiwanja, kama baba alivyofanya. Kwa sababu hiyo tuliamini kiwanja ni chetu.

Wakati huo wa vita serikali zilikuwa nyingi kuliko barabara nzuri. Moja Kinshasa, nyingine Goma, nyingine Beni, na kila moja ikijiita Leta, yaani dola. Ile ya Beni ilituletea komanda kutoka mkoa wa mbali. Alipita mtaani akitazama mapaa, si watu. Letu lilimpendeza.

"Udongo ni ya Leta," alituambia. "Yenu ni vile biko juu tu. Mutoke."

"Na Leta ni nani, Komanda?"

Aliipapasa bunduki yake kama mtu anayemtambulisha mke wake kwa wageni.

Nilikimbia kwa chefu. Alitazama viatu vyake.

"Mbuzi nilikula, mama," alisema, "lakini bunduki sina."

Basi nikaamua kuitii sheria. Komanda aliposhuka Beni kumchukua mkewe, tuling'oa mabati, milango na madirisha, tukavuna hata maharage mabichi. Mjomba wetu akatufichia vyote ng'ambo ya mto. Sisi tukarudi kukaa ndani ya kuta.

Komanda alirejea na mke, godoro na mvua.

"Nyumba iko wapi?"

"Udongo ya Leta iko palepale, Komanda. Hatukugusa."

Alinizaba kofi. Mkewe alimcheka huko juu ya gari: "Papa, sheria yako inavuja!"

Hakuwa mtu wa kulowa kwa ajili ya sheria. Gari likageuka kutafuta bati la karibu, na bati hilo lilikuwa la chefu. Jioni nilimkuta chefu barabarani, kiti chake kichwani.

"Batu hawa habaheshimu mali ya mutu!" alinilalamikia.

Nilimpa pole, nikapita.

Tulilala chini ya turubali, tukilowa, lakini tukilowa kwetu. Mdogo wetu wa mwisho alinisogelea mimi dada yake, akitetemeka.

"Yaya, mabati tutarudisha lini?"

"Siku Leta itaenda."

"Leta ya wapi?"

"Yote."