Mbabula za Ijumaa

Direkta wa shule alikuwa ameniambia: "Ijumaa nikisikia tena fujo kwa darasa yako, nitaipatia mwalimu mwingine." Niliwapenda wale watoto, lakini fimbo sikuiweza. Nikawapa kazi: kila kundi litengeneze mbabula, jiko la makaa, kwa mabati ya zamani, na Ijumaa lichemshe maji uani.

Ijumaa nyundo zikagonga kama gereji. Direkta akatoka ofisini mbio. Akasimama mbele ya msichana aliyenisumbua mwaka mzima.

"Papa direkta, sogea kidogo," msichana akamwambia bila kuinua kichwa. "Unafungia mbabula yetu upepo."

Direkta akasogea. Kisha akachuchumaa, akauliza polepole: "Maji iko karibu kuchemuka?"

Kuhusu mwalimu mwingine hakusema tena.