Vitabu Viwili, Uwanja Mmoja

Sisi wa darasa la nne tulilisikia gari kabla ya kuliona. Mtoto wa Bariadi aliujua mlio wa lori la pamba hata akiwa amefumba macho; huu ulikuwa mwembamba, wa gari la mjini. Likatokea kwenye kona ya ghala, jeupe chini ya vumbi, likasimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Pamba ilishaanza kununuliwa na watu binafsi, waliogombea wakulima mpaka kijijini Kasoli, na sasa vitabu navyo vililetwa na watu binafsi. Zamani vilitoka serikalini, aina moja, basi. Sasa shule ilitakiwa kuchagua. Historia ya darasa la nne ilifundishwa na mama yangu, na mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza anapenda kitabu gani.

Wakala wa vitabu, kijana kutoka Dar es Salaam, alipanga sampuli mezani, nasi tukichungulia dirishani. Kitabu chake cha historia kilikuwa kinene, karatasi zinang'aa, picha za rangi: wafalme wa mbali, majumba, meli. Mwalimu mkuu alikipapasa kama anayepapasa ng'ombe aliyenona, akasema wazazi wakikiona watajua michango yao imekwenda wapi. Mama aliingiza mkono chini kabisa ya boksi la wakala, akaibuka na kijitabu chembamba, chenye michoro ya wino mweusi na karatasi kama ya gazeti. Alikisoma amesimama. Kisha akasema anapendekeza hicho.

Wakala alimweleza kwa upole kwamba hicho hakuna anayekiulizia. Mwalimu mkuu akaongeza kuwa shule za jirani zingetucheka. Michango ilitosha aina moja tu, na kitakachonunuliwa ndicho watoto wangekaa nacho miaka mingi.

Mama hakubishana. "Mwalimu mkuu, tuvipeleke uwanjani," alisema. "Vichezwe."

Wakala aliuliza kama vitabu vya huku vina miguu. Mwalimu mkuu alishaanza kuvua koti.

Kwetu, mavuno yakiisha, Wagika na Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, kiongozi wa kucheza na kuimba. Watazamaji wako huru kuhama. Upande uliovuta umati mkubwa ndio umeshinda. Darasa zima, tulipoitwa uwanjani, lilielewa bila kuelezwa.

Mwalimu mkuu alichukua kile kinene, mama chembamba, wakasimama kila mmoja upande wake. Kasoro ya mashindano hayo ilionekana papo hapo. Mwalimu mkuu alikuwa mcheza ngoma tangu ujana. Alifunga koti kiunoni, akatembea kwa magoti, akimsoma mfalme kwa sauti ya kutisha. Tulimkimbilia, hata mimi niliyezaliwa na mpinzani wake. Mama akabaki na wachache, mmoja wao akiwa na kidonda mguuni kilichomzuia kukimbia. Wakala akatabasamu, akatoa kalamu.

"Hawa wamefuata kiuno, hawajafuata kitabu," mama alisema. "Tubadilishane."

Wakabadilishana. Mwalimu mkuu alianza tena kwa magoti, safari hii na kijitabu mkononi. Kilieleza habari za vijana wa Kisukuma waliokwenda kwa miguu mpaka Ziwa Eyasi kuchota chumvi: walikolala, walivyomwogopa simba, na jinsi kijana aliyerudi na mzigo wake wa kwanza alivyopokelewa nyumbani kama mtu mzima. Katikati ya ukurasa mwalimu mkuu aliacha kucheza, akasimama wima. Akafungua koti kiunoni. Akaendelea kusoma taratibu, kwa sauti ya kawaida, kama vile yeye ndiye anayesomewa. Ngoma ilikuwa imekwisha. Wakala alitazama upande wa mama, akingoja tuhame.

Hakuhama mtu. Tulisogea mbele zaidi, mpaka mabega yetu yakamgusa. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, kwetu mfuko wa ngozi wa chumvi hiyo upo. Babu hataki tuuguse."

Ng'ambo, mama alikuwa bado anasoma kile kinene. Alimpa kila mfalme sauti yake, kwa moyo wote, mbele ya watoto wawili. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote: kitabu asichokitaka alikisoma vizuri. Leo ninaandika riwaya, na walimu huniuliza vitabu gani wawape watoto wa shule ya msingi. Huwajibu wavipeleke uwanjani, kisha msomaji aache kuchekesha, waone nani amebaki.

Siku ile, mashindano yalipokwisha, nilitumwa kurudisha ofisini kiti alichokalia wakala. Wakala alikuwa anaandika oda ya vijitabu, akimwuliza mama, sasa kwa heshima nyingi, kama Maswa nako wangevipenda. Mwalimu mkuu alikuwa kitini pake, kidole kwenye mstari wa kile kijitabu, hasikii. Mama alimwomba ile sampuli, kwa kuwa kipindi kilikuwa kimeanza. Akajibu angoje kidogo, amebakiza safari ya kurudi.

"Darasa la nne nao wamebakiza hiyo hiyo, mwalimu mkuu."

Mama akakitoa kijitabu taratibu mikononi mwake, akapiga goti kidogo kumpa heshima yake, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.