Gari, Doli na Ndama

Mgeni akiuliza kwa nini kabatini mwangu mna kopo lenye gari lisilo na magurudumu na doli lisilo na uso, mimi humlaumu ndama.

Ilikuwa Julai, mwishoni mwa miaka ya sabini, na baridi ya Tetu ilikuwa imetushika mpaka kuta zikawa zinatoa jasho. Ng'ombe wetu alizaa, na mume wangu akaamua ndama alale kwenye stoo iliyoungana na jikoni, ambamo watoto wetu wawili walikuwa wamerundika utoto wao wote.

"Ndama atatupa maziwa," alisema. "Hizo takataka zinatupa nini?"

Mimi ni mtu wa kukubali mapema ili nirudi kwenye kiti changu. Nikatunga sheria. Nilisoma hadi kidato cha nne, kwa hivyo nilijua sheria nzuri ni fupi: kila mtoto aingie, atoke na kitu kimoja. Atakachotoka nacho ni chake. Kitakachobaki kitaenda chini ya sufuria ya githeri.

Nilijua watakachochagua. Mvulana angechukua gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, magurudumu yake ni vipande vya patipati kuukuu, ndala za raba. Msichana angechukua doli nililomshonea kwa stokingi yangu ya mwisho, macho yake ni vifungo vya blauzi yangu ya shule. Hilo doli ni kitu pekee nilichowahi kuanza kushona kikaisha. Nililitaka lipone kuliko alivyotaka yeye.

Wakaingia mbio. Mvulana akatoka na doli. Msichana akatoka na gari.

Nilidhani ni upendo. Nilisimama pale na mwiko wangu, machozi yakinilengalenga, nikiamini kila mmoja amemwokolea mwenzake.

"Ukitaka gari yako," msichana akamwambia kaka yake, "utanifulia soksi mpaka Krismasi. Na uniite bibi mkubwa."

"Na wewe ukitaka huyu mtoto yako mbaya, piga magoti hapo kwa mavi ya ndama."

"Mama, mwambie anipe."

"Mama alisema chenye umetoka nacho ni chako. Ama si ulisema, mama?"

Nilikuwa nimesema. Na mume wangu alikuwa mlangoni na ndama wake, akingoja kuona kama mwanasheria wa nyumba hii atafuta sheria yake kabla ya chai.

Hakuna aliyepiga magoti. Mvulana alinyofoa jicho moja la doli, polepole, akimtazama dada yake usoni. Dada akachomoa gurudumu, akalitupa motoni, na raba ikanuka mpaka kwenye githeri. Jicho la pili. Gurudumu la pili. Mimi nilikoroga. Kufikia chakula kuiva, pua na mdomo wa doli vilikuwa vimefumuliwa, gari halikuwa na cha kuviringika, nao walikuwa wameketi bega kwa bega wakila, wametulia kama watu waliotoka kanisani. Aliyeshindwa kula ni mimi.

Ndama alilala stoo siku chache tu, akamlilia mamake hadi tukamrudisha zizini. Katika boma lile, ni yeye pekee aliyemtaka mamake.

Watoto wamekua. Mmoja yuko Nyeri mjini, mwingine ameolewa upande wa Kagio. Krismasi iliyopita niliwaletea kopo mezani. Nilikuwa nimeshaandaa hata leso.

Binti akachungulia. "Ati bado uko na hii uchafu, mama? Choma."

"Choma yote," kaka yake akasema, akaendelea na mfupa wake.

"Basi kila mtu achukue chake," nikasema, "akachomee kwake."

Mfupa ukasimama njiani.

"Gari usimpe," binti akasema.

"Na yeye asiguse hiyo doli."

Nikarudisha kopo kabatini. Wajukuu wakiuliza ni nini, huwaambia ni picha ya wazazi wao.