Jicho Lililovimba Wiki ya Wageni

Kila kitu nilicho nacho Nyeri nimekipata kwa jasho langu, na sioni haya kulisema. Niliondoka na diploma ya upishi na begi moja, nikaanza kwa kuosha sahani kwenye hoteli moja ya Ghuba, Uarabuni. Siku narudi nyumbani nilikuwa mkuu wa jiko la keki, nikiwaamuru wanaume wenye ndevu. Leo nina duka la mikate karibu na Majengo na nyumba yangu mwenyewe Ruring'u. Jiko langu halina mfano mtaani. Makabati yamejengwa ukutani kwa mchoro niliokuja nao kutoka ng'ambo, na milango yake haivutwi. Inateleza kando bila kelele. Fundi wa mji wa Kenol aliyeyatengeneza alilalamika kwamba hajawahi kupewa kazi ngumu namna ile. Nilimwambia ajifunze.

Lakini kuonja keki kila siku kuna gharama yake. Daktari alinipima presha, akatazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena. Mwezi huohuo mtu alininyang'anya simu mkononi nikifunga duka jioni. Sikuumia, ila tangu siku hiyo nilianza kufunga jua likiwa bado juu, nikawapoteza wateja wa jioni, nao ndio wanunuzi wa mkate. Mimi niliyevuka bahari peke yangu sasa namkimbia mwizi aliyevaa ndala! Hilo lilinikera kuliko simu yenyewe.

Ndipo nikajiunga na darasa la kikboksi. Linafanyika ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwalimu ni mtu wa Nanyuki anayeshuka mara mbili kwa wiki kutufundisha ngumi na mateke. Wengi wetu ni wanawake. Mama anayeuza viazi chini ya ngazi hakuchoka kutuchokoza.

"Kwani mnaenda kuongeza nini huko juu?" alikuwa akituuliza. "Hawa mabwana wa Nyeri si walishachapwa wakatosha?"

"Hii ni ya afya, mama."

"Afya ya nani? Ya bwana iko wapi?"

Tulicheka kila mara, maana utani huo tumezaliwa tukiukuta. Kenya nzima imeshasikia kwamba mwanamke wa Nyeri humpiga mume wake, na hata ukinyamaza utahesabiwa unapanga.

Niseme ukweli, nilikuwa na kipaji. Kabla msimu wa mvua haujaisha, teke langu la kulia lilikuwa likisukuma gunia la mazoezi mpaka mwalimu mwenyewe analishika kwa mikono miwili. Presha ilishuka. Duka nikaanza kulifunga giza likiingia, na nikatembea hadi stendi nikipiga mluzi.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa. Mchumba wangu ni daktari wa mifugo, mtu wa Chuka anayefanya kazi upande wetu, mpole, mwenye umri wa kutosha kiasi kwamba kwao walikuwa wameacha kumuuliza ataoa lini. Alijua habari za kikboksi na alizipenda. Aliyekuwa hajui ni mama yake, na tulikubaliana asiambiwe kwanza. Huyo mama alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na alikuwa amesema kwamba wazee hawatakuja kwetu kuposa kabla yeye hajaja kuniona kwa macho yake.

"Ameshasikia mambo ya wanawake wa Nyeri," mchumba wangu aliniambia. "Akisikia na hii ya mateke, hatavuka Embu kuja huku."

Ziara ilipangwa Jumamosi. Alhamisi tulikuwa na pambano la mazoezi, na nilipangiwa msichana anayesomea uuguzi, mwembamba kama ufagio. Nilimpata kwa teke safi la ubavuni. Wenzangu wakapiga makofi, nami nikageuka kuwatazama wanaopiga makofi.

"Mikono juu, mama keki!" mwalimu alipaza sauti.

Ngumi ilifika kabla ya maneno yake. Kufikia Ijumaa jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kuvilia damu, rangi ya zambarau mpaka shavuni. Sikumwambia mchumba wangu. Alikuwa Kieni akichanja ng'ombe, na mimi si mtu wa kulialia kwenye simu. Nilipaka poda, nikavaa miwani myeusi niliyoinunua Doha, nikapika mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, kuku wa kienyeji na keki ya ndizi, nikavaa gauni refu la heshima.

Mchumba wangu alimleta mama yake saa sita na pikapu ya kazini. Mama yake alikuwa mfupi, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, amebeba asali na mkungu mdogo wa ndizi. Alinisalimia kwa mikono miwili. Kisha akasimama pale sebuleni akingoja nivue miwani, na kwa kuwa ni mama mkwe, nikavua.

"Mwari," aliniita kwa sauti ndogo, yaani binti, "hii jicho imefanya nini?"

"Ni mlango ya kabati tu, mama. Niliinuka haraka."

Nilimtupia jicho mchumba wangu. Uso wake ulikuwa umeshtuka. Halafu akaelewa, akainamisha kichwa akatazama sakafu ili asicheke. Mama yake alimwona akitazama sakafu.

Nilipoingia jikoni kupakua alinifuata, akafunga mlango nyuma yake. Alitazama makabati yangu kwa muda mrefu, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anayastaajabia. Alinyoosha mkono akagusa mlango mmoja. Ukateleza kando, kimya, kama nilivyoulipia.

"Hizi milango hazifunguki nje," alisema.

Nilichukua kijiko cha kupakulia.

"Mimi nilikuwa nasema ni mlango ya zizi. Majirani wakiuliza, mlango ya zizi. Kanisani wakiuliza, mlango ya zizi. Na zizi yetu haikuwa na mlango, mwari. Tulikuwa tunaziba na miti." Aliurudisha ule mlango wa kabati polepole. "Baba yake alikuwa anaangalia chini hivyo hivyo, wageni wakikuja."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu na sikujua nikiweke wapi. Siku zote nilikuwa nimeogopa kwamba mama huyu ataniona mimi ndiye hatari. Yeye alikuwa amesafiri tangu alfajiri akiwa na hofu nyingine kabisa, aliyoibeba tangu mtoto wake akiwa mgongoni.

Alirudi sebuleni akachukua mkoba wake.

"Twende," alimwambia mwanawe. "Hakuna wazee watakuja hapa. Siwezi kuomba msichana ya watu ndiyo ukuje kumpiga."

"Mama! Sijawahi kumgusa!"

"Ata baba yako alikuwa anasema hivyo."

Nikasema ukweli wote kwa mkupuo mmoja: ghorofa ya tatu, mwalimu wa Nanyuki, msichana wa uuguzi. Alinisikiliza kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha, maana alikuwa haamini hata neno.

"Ati unaenda kupigana kwa kupenda," alisema. "Na duka kubwa hivyo. Nani amekufunza kusema hiyo? Ni yeye?"

Nikaingia chumbani nikaleta glavu. Akazitazama bila kuzishika. Glavu mtu yeyote anaweza kununua. Basi nikamwambia mchumba wangu achukue mto wa kochi aushike kifuani.

"Sasa hivi?" aliuliza. "Na hiyo gauni?"

"Shika vizuri."

Nilikunja gauni la heshima mpaka magotini, nikasimama kama ninavyosimama siku zote, mguu wa kushoto mbele, mikono juu, safari hii juu kweli. Kisha nikaachilia teke la kulia. Mto ulilia kishindo, na daktari wa mifugo, mtu anayeangusha fahali kwa kamba, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye meza ya chai, akaanguka chali kwenye kochi na mto juu yake, miguu hewani.

Halafu tukasikia kicheko chini ya mto. Alicheka mpaka akakohoa, akatoa kichwa, machozi yakimtoka.

"Mama, umeona?" alisema. "Na hiyo amenionea huruma!"

Mama yake hakuwa akinitazama mimi hata kidogo. Alimtazama yeye, alivyolala pale ameangushwa na mwanamke mbele ya mama yake mzazi, akicheka. Mwishowe mkono ukalegea, mkoba ukatua sakafuni.

"Baba yake hangecheka," alisema. Hakuwa akimwambia yeyote kati yetu. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akajifuta uso wote kwa ncha ya kitambaa chake. "Hangecheka. Wewe si yeye."

"Mimi si yeye, mama."

"Nimeona."

Nilishusha gauni. Niliuliza kama nilete chakula, naye akasema kwani anangoja nini, ametoka Chuka na chai tupu.

Alikula mukimo mara mbili na keki mara tatu, na sikushangaa, maana keki yangu naijua. Katikati ya kipande cha tatu alinielekezea uma.

"Sasa kama unajua hivyo, huyo msichana alikupataje?"

"Nilishusha mikono, mama. Nilikuwa naangalia kama wananipigia makofi."

"Na yeye ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa Nyeri."

"Nilijua," alisema, akaendelea kula.

Alipomaliza aliegemea kochi, akasema anafunga macho kidogo tu, wazee watakuja kabla ya Krismasi, na tusimwamshe. Alilala papo hapo, mdomo wazi, mikono imefunguka mapajani. Mwanawe na mimi tuliosha vyombo tukinong'ona. Nilivirudisha kabatini kimoja kimoja, yeye akinitelezeshea milango, na haikutoa sauti hata mara moja.