Muuza Spea Aliyeuliza Kazi Kwanza

Mwaka maji yalipobeba mpunga wetu wote kule Majimoto nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikaacha darasa la tatu, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu, na tangu hapo sikumpa mtu nafasi ya kunifundisha kitu. Nayaeleza haya ili msomaji ajue uzito wa ninachosema: wiki iliyopita tumemzika, kule kijijini Katumba, muuza spea mmoja wa hapa sokoni Mpanda, na huyo nilikubali anifundishe. Homa ilimshika siku chache tu. Habari ilinikuta kwenye mashine yangu ya kukereza mbao. Nikaizima, nikakaa.

Hakuwa rafiki wa kula naye. Kibanda chake kilijaa beringi, bushi na vyuma vya pikipiki na mashine za kusaga, na alikuwa na tabia iliyowaudhi wengi. Hapa kwetu spea hununuliwa kwa kuonyesha ile iliyokufa: unaweka mbovu mezani, unapewa nzima, unaondoka. Yeye aliigeuza mkononi, akauliza, "Ilikuwa inafanya kazi gani?" Vijana wa bodaboda wakamwita Polisi. "Mzee, nimekuja kununua, sikuja kuandikisha maelezo." Naye anajibu, "Basi nenda kwa jirani akuuzie haraka. Kesho utarudi polepole, unasukuma."

Mimi nilimfuata siku nilipobanwa. Mwenye hoteli moja aliniagiza taa za mezani za mninga: mguu wa kukereza, mrefu kama mkono, na ndani yake tundu la kupitisha waya toka chini hadi juu. Alisema wazi, nikishindwa ataagiza za kiwandani Dar, na vitanda vyote vya hoteli ataagiza huko huko. Vile vitanda ndivyo vilikuwa chakula changu cha mwaka mzima.

Nikakereza mguu wa kwanza kwa ufundi wangu wote, shingo, tumbo, pete. Kisha nikatoboa. Biti ikatokea ubavuni. Mguu wa pili ikatokea shingoni. Nikaagiza biti ndefu zaidi, ikaja na basi, kumbe ni ya kutobolea kuta. Iliunguza mbao, moshi ukatoka kama nachoma mahindi.

Nikaenda kwa yule muuza spea mikono mitupu. Spea iliyokufa ningeitoa wapi, wakati chombo chenyewe sijawahi kuwa nacho?

"Nipe biti ndefu ya mbao."

"Ya kazi gani?"

"Ya kutoboa."

"Hata sindano ni ya kutoboa. Niletee mbao uliyoiharibu."

"Nitembeze aibu yangu sokoni?"

"Ifunge na gazeti. Lakini ilete."

Nikaileta. Akachukua shoka, akaipasua katikati mbele ya watu, akafuata kwa kidole njia ya tundu ilivyopinda. "Hapa mbao ilikuwa inacheza. Huku nyuma uliishika na nini?" Nikamwambia niliondoa ile ncha ya nyuma ya mashine inayobana mbao, ili biti ipate pa kuingilia. "Kwa hiyo mlevi umemshika mkono mmoja, unataka atembee wima."

Akachakura, akatoa bushi ya chuma yenye tundu katikati, niipachike pale pa ile ncha, ishike mbao huku biti ikipita ndani yake. Biti akanichagulia yenye mdomo kama kijiko. "Toboa nusu, geuza, toboa nusu. Ikiingia kidogo itoe, imwage makapi." Nilipogeuka kuondoka akaongeza, "Na wewe, fundi mkubwa, toboa kabla hujaremba. Kaza mbao kwenye tundu lenyewe, ndipo ukereze nje ukilifuata."

Iliniuma, maana miaka yote nilianza na urembo. Lakini waya ulipita. Taa zile zinawaka hadi leo, na vitanda nilitengeneza mimi.

Siku hizi watu wananunua kwa picha ya simu. Unabonyeza, kinakuja kitu kinachofanana, na hakuna aliyekuuliza unakwenda kukifanyia nini. Na si spea tu. Tunafanya harusi ya kutikisa mtaa, halafu ndipo bibi na bwana wanaanza kuulizana watakaa wapi. Mimi mwenyewe nilipaka nyumba rangi upande wa barabarani kabla sijachimba choo. Msibani nikasikia wanasema vyuma vya marehemu vitauzwa kwa kilo. Sawa, vyuma vitapimwa. Nyie mnaobaki na vibanda pale sokoni, mteja akija na jina la kitu, muulizeni kazi, hata akikasirika.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, mashine mbili za kukereza, pikipiki, ng'ombe sita, shamba la mpunga Majimoto, lile lile lililobebwa na maji, na bushi moja ya chuma yenye tundu katikati. Vingine vyote nilivitafuta mwenyewe. Hiyo bushi nisingeipata kama asingekuwepo wa kuniuliza biti inakwenda kufanya kazi gani.